Mwavuli Kwanza, Moto Baadaye: Namna ya Kuzuia Roketi Ndogo Isiruke Kabla Kifaa Chake cha Kushukia Hakijaamshwa



Katika kurasa za sayansi za mwaka huu tumechagua kuzungumzia roketi. Hatukusudii zile kubwa zinazopeleka vyombo anga za juu, bali roketi ndogo za karatasi ngumu na plastiki ambazo vijana wa Marekani na wa nchi nyingine huzirusha viwanjani wakiwa pamoja na walimu wao. Na katika habari zake zote tumechukua jambo moja tu: vipi mtu atahakikisha kwamba roketi haiondoki chini mpaka kile kifaa cha kuishusha kwa salama kiwe kimekwisha washwa?

Huenda msomaji akauliza, "Sisi na roketi tuna uhusiano gani?" Tuna majibu mawili. Kwanza, roketi si kitu kigeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kuchunguza miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti hiyo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, somo lenyewe ni somo la kusahau. Kila mwanadamu husahau. Mwenye busara hatosheki na kujiambia "nitakumbuka", bali huipanga kazi yake kwa namna ambayo akisahau, kazi yenyewe inamgomea.

ROKETI HIZI NI ZIPI?

Mwaka 1954 muuza viatu wa mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, aitwaye Orville Carlisle, alitengeneza roketi ndogo nyepesi yenye injini ya baruti ya kubadilishwa, na ndani yake akaweka mwavuli wa kuirudisha chini. Mwaka 1957 alimwandikia G. Harry Stine, aliyekuwa mtaalamu katika uwanja wa majaribio wa White Sands, New Mexico, na kumpelekea roketi zake. Zama hizo vijana wengi walikuwa wakichanganya kemikali majumbani ili wapate roketi zao wenyewe, na wapo waliopoteza vidole, macho, hata maisha. Stine akaona kwamba dawa imepatikana: injini itengenezwe kiwandani na watu wanaoijua kazi hiyo, na kijana ashughulike na umbo, mabawa, mwavuli na hesabu. Mwaka huohuo wa 1957 kikaanzishwa chama cha National Association of Rocketry, kwa kifupi NAR, na kanuni za usalama zikaandikwa.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, roketi ya mfano haizidi gramu 1500 inapoondoka, na baruti yake haizidi gramu 125. Zinazopita hapo huitwa roketi za nguvu kubwa, na hizo haruhusiwi kuzirusha ila mwenye cheti.

Roketi ndogo kabisa haina haja ya umeme ndani yake. Injini yake imejazwa tabaka tatu: la kwanza huisukuma juu, la pili huungua taratibu na kutoa moshi huku roketi ikiendelea kupanda kwa kasi iliyobaki, na la tatu hulipuka kidogo kuelekea mbele na kusukuma mwavuli utoke nje. Injini ikiwaka, mwavuli nao umekwisha wekewa saa yake. Hapo hakuna cha kusahau isipokuwa kuukunja mwavuli vizuri.

Mambo hubadilika roketi inapokuwa kubwa na kwenda juu sana. Mwavuli mkubwa ukifunguka kileleni, upepo utaibeba roketi kilomita kadhaa. Kwa hiyo watu wa fani hii hutumia miavuli miwili: mdogo hufunguka kileleni ili roketi ishuke kwa haraka ya kiasi, na mkubwa hufunguka ikiwa imekaribia ardhi. Mwenye kuamua saa ya kila mmoja ni kifaa kidogo cha umeme kiitwacho altimita.

ALTIMITA HUFANYAJE KAZI?

Altimita hupima mgandamizo wa hewa. Kila tupandapo juu, hewa hupungua uzito. Kila tushukapo, huongezeka. Roketi inapopaa, altimita huona mgandamizo ukipungua upesi na kujua kwamba safari imeanza. Mgandamizo unapoacha kupungua na kuanza kuongezeka, hujua kwamba kilele kimefikiwa. Hapo hupeleka umeme kwenye kiberiti cha umeme, nacho huwasha kifurushi kidogo cha baruti, na mwavuli wa kwanza hutoka. Ikifika urefu uliopangwa kabla, huwasha kifurushi cha pili.

Altimita ina betri yake na swichi yake. Swichi ikiwa haijawashwa, altimita ni sawa na jiwe: haioni, haihesabu, wala haiwashi kitu. Tena haiwezi kujiwasha yenyewe roketi ikiwa tayari iko angani. Katika makala hii, kuiwasha altimita ili iwe tayari kwa kazi tutaita "kuiamsha", na kuizima tutaita "kuilaza".

KWA NINI ISIAMSHWE MAPEMA?

Hapa ndipo penye fundo la somo letu. Msomaji anaweza kusema, "Basi iamsheni tangu nyumbani, asisahau mtu." Lau ingekuwa rahisi hivyo tusingeandika makala hii.

Kumbukeni kwamba altimita iliyo macho imeshika kiberiti mkononi. Mtu akiwa anaunganisha vipande vya roketi mezani, akasukuma bomba moja ndani ya jingine, hewa iliyomo hubanwa kisha huachiwa. Altimita iliyo macho huweza kudanganyika ikadhani roketi imepaa na sasa inashuka, ikawasha baruti usoni pa mtu. Kwa sababu hiyo kanuni za NAR za roketi za nguvu kubwa zimeweka sharti kwamba saketi za kuwashia zilizomo ndani ya roketi zizuiwe zisifanye kazi, ila roketi inapokuwa imekwisha simamishwa mahali pake pa kurukia.

Basi tazameni hatari mbili zinazovutana. Kuamsha mapema kunamhatarisha fundi aliye mezani, na kutoamsha kabisa kunawahatarisha watu wote walioko uwanjani. Njia ya salama ni nyembamba: altimita ilale mpaka roketi iwe imesimama kwenye reli yake, kisha iamshwe, kisha ndipo moto wa injini uwe na ruhusa. Na kwa kuwa kazi hii imewekwa mwishoni, wakati jua ni kali, watu wanangoja na kila mtu ana haraka, ndiyo kazi iliyo rahisi kusahaulika kuliko zote.

TAA INAYOSEMA NUSU YA HABARI

Roketi hurushwa kwa umeme kutoka mbali. Msimamizi ana kisanduku chenye betri, ufunguo wa usalama, kitufe cha kubonyeza, na taa. Kutoka kisandukuni waya mrefu hukimbia mpaka kwenye kiwashio kilichomo ndani ya injini. Kanuni zinataka ufunguo uwe kwenye njia ileile ya umeme unaokwenda kwenye kitufe, ili usipokuwemo kitufe kisifanye kitu; na kitufe chenyewe kirudi mahali pa kuzimika mara kidole kikiondolewa.

Taa ile huwaka ikiwa waya wa kiwashio haujakatika. Msimamizi akiiona hutangaza kwamba roketi iko tayari, huhesabu kurudi nyuma, na kubonyeza. Lakini tujiulize: taa ile imesema nini? Imesema kwamba injini itawaka. Haikusema neno lolote kuhusu mwavuli. Saketi ya kurushia iko chini na saketi ya altimita iko ndani ya roketi, na hakuna waya unaoziunganisha. Moja haina habari za nyingine. Ndiyo maana yawezekana kila aliyeko mezani akawa ametimiza wajibu wake, taa ikawa inawaka, na roketi ikaruka ikiwa altimita yake imelala.

HESABU YA MATOKEO

Wanafunzi wa hesabu na watusaidie. Chukua roketi iliyofika mita 300 na ikaanguka bila mwavuli. Kwa kanuni ya kuanguka, mraba wa mwendo ni sawa na 2 mara 9.8 mara 300, yaani 5880. Kipeo chake cha pili ni karibu 77. Kwa hiyo itafika chini kwa mwendo unaokaribia mita 77 kwa sekunde, nao ni zaidi ya kilomita 270 kwa saa. Upinzani wa hewa utapunguza kiasi, lakini roketi ni nyembamba na pua yake imechongwa makusudi ili ipasue hewa.

Roketi hiyohiyo chini ya mwavuli mzuri hushuka kwa mita kama 5 kwa sekunde. Mwendo wa kwanza ni zaidi ya mara 15 ya huu wa pili. Na kwa kuwa nishati ya kugonga huongezeka kwa mraba wa mwendo, pigo lake ni zaidi ya mara 200. Huo si mchezo wa watoto tena. Ni chuma na plastiki vinavyoshuka kama mkuki mahali ambapo watoto wamesimama na kutazama juu.

KUFULI LA MWAKA 1935

Hadithi iliyo karibu sana na somo letu ni ya ndege. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field, jimbo la Ohio, ndege mpya kubwa ya Boeing iliyoitwa Model 299 ilipaa kwa ajili ya majaribio. Ndege hiyo ilikuwa na kufuli la kushikilia mabawa ya mkiani ili upepo usiyapige yanapokuwa yamesimama uwanjani. Kufuli lile lilikuwa la usalama, tena la lazima. Lakini siku ile halikufunguliwa kabla ya kuruka. Ndege ilipanda wima mno, ikapoteza nguvu, ikaanguka na kuungua. Watu wawili walipoteza maisha, akiwemo rubani Meja Ployer Hill, aliyekuwa mtu mwenye ujuzi mkubwa.

Angalieni jinsi inavyofanana na altimita: kitu kinacholinda chini ndicho kinachoua juu kikisahauliwa. Na aliyesahau hakuwa mjinga wala mzembe. Baada ya ajali ile marubani wa jeshi la Marekani walianza kutumia orodha ya kusomwa kabla ya kuruka, na desturi hiyo imeenea kwa marubani duniani kote.

NGAZI TANO ZA KUZUIA

Sasa tuingie kwenye dawa yenyewe. Tumeipanga kwa ngazi, kuanzia iliyo nyepesi mpaka iliyo na nguvu zaidi.

Ngazi ya kwanza ni mpangilio. Roketi isimamishwe kwenye reli. Altimita iamshwe. Isikilizwe. Ndipo kiwashio kiingizwe ndani ya injini na waya uunganishwe. Ufunguo wa kisanduku uwe wa mwisho kabisa, watu wakiwa wamekwisha rudi nyuma. Anayefuata mpangilio huu akisahau altimita, angalau ameisahau wakati injini haina kiwashio, na bado ana nafasi ya kukumbuka.

Ngazi ya pili ni kusikiliza. Altimita nyingi hutoa mlio mara zinapoamshwa, na kwa idadi ya milio hueleza kama nyaya za viberiti vyote viwili ni nzima. Mwenye roketi asiondoke hapo mpaka asikie mlio aliousoma katika kijitabu cha kifaa chake. Roketi iliyo kimya haijajibu, na isiyojibu hairushwi.

Ngazi ya tatu ni orodha yenye watu wawili. Mmoja husoma, mwingine hutenda na kujibu kwa sauti. Anayesoma haendi mstari wa pili kabla ya kusikia jibu la mstari wa kwanza. Orodha inayosomwa na mtu mmoja kimoyomoyo haina tofauti kubwa na kumbukumbu.

Ngazi ya nne ni pini na sahani. Swichi ya altimita iwe ya aina ya pini: pini ikiwemo, umeme haupiti, ikichomolewa, umeme unapita. Kila pini ifungwe utepe mwekundu mrefu unaoonekana kutoka mbali. Mwenye roketi akiziamsha altimita zake, huchukua pini zote na kuzipeleka kwenye meza ya msimamizi, huko huzitia katika sahani. Roketi yenye altimita mbili ni pini mbili. Msimamizi hauweki ufunguo kwenye kisanduku mpaka ahesabu pini sahanini.

Fikra ya sahani ina asili yake. Mwaka 1961 mhandisi Mjapani Shigeo Shingo alikuta wafanyakazi wa kiwanda kimoja wakitengeneza swichi ndogo yenye springi mbili, na mara nyingine springi moja husahauliwa. Kuwakemea hakukusaidia. Akawaambia kwamba kabla ya kuanza kila swichi watoe springi mbili na kuziweka katika sahani. Kazi ikiisha na springi bado iko sahanini, basi imesahauliwa, na jicho linaona papo hapo. Sisi tumeigeuza tu: kwake sahani yapaswa kuwa tupu, kwetu yapaswa kujaa.

Ngazi ya tano ni kuunganisha yale yaliyotengana, nayo ndiyo yenye nguvu. Njia rahisi ni kuifunga pini ya altimita na ufunguo wa kisanduku katika pete moja. Kwa kuwa pini imo kwenye roketi, ufunguo nao uko huko huko, na kisanduku kiko mbali mezani. Hakuna awezaye kurusha bila ufunguo, na hakuna awezaye kuuchukua ufunguo bila kuchomoa pini. Mtu akisahau, atafika mezani mikono mitupu, na kazi itamkumbusha. Mafundi wa umeme mkubwa wanaijua njia hii: katika vituo vyao ufunguo wa mlango wa hatari hautoki mahali pake mpaka swichi kuu izimwe.

Njia nyingine ni ya waya. Altimita iliyo macho hufunga swichi ndogo ya umeme, yaani rilei, iliyowekwa katika njia ya umeme wa kurushia; na waya wake hujichomoa wenyewe roketi inapoondoka. Atakayejenga hivi azingatie mambo mawili. Umeme wa kurushia usipite kabisa ndani ya saketi ya altimita, usije ukaiharibu. Na rilei iwe ya aina inayokaa wazi, ili waya ukikatika au betri ikiisha roketi isiruke. Kifaa kizuri cha usalama kikiharibika, huangukia upande wa salama.

Tusidhani kwamba mambo haya yako mbali nasi. Gari la gia za kujibadilisha haliwaki ikiwa gia iko kwenye mwendo. Baadhi ya pikipiki huzimika dereva akiingiza gia kabla ya kukunja stendi ya pembeni. Waliozitengeneza walijua kwamba kila siku atakuwepo anayesahau, wakaliachia chuma kazi ya kukumbuka.

KUFULI HALITOSHI PEKE YAKE

Ni wajibu wetu kueleza pia mipaka. Pini iliyoko sahanini inathibitisha kwamba imechomolewa. Haithibitishi kwamba swichi imeshika, ndiyo maana kusikiliza hakuachwi. Mlio nao unathibitisha kwamba waya ni mzima. Hauthibitishi kwamba baruti imetiwa ya kutosha wala kwamba mwavuli haukukwama. Hayo hukaguliwa mezani, kwa mkono na jicho.

Tarehe 8 Septemba 2004 chombo cha Marekani kiitwacho Genesis, kilichokuwa kikirudi na chembe zilizotoka kwenye Jua, kilijipigiza katika jangwa la Utah kwa mwendo wa kilomita zipatazo 311 kwa saa. Mwavuli haukutoka. Uchunguzi ulionyesha kwamba vihisio vya kutambua kuingia kwenye anga ya dunia viliwekwa kinyume, juu chini. Umeme ulikuwepo, lakini kihisio hakikuweza kuhisi. Kwa hiyo kuamsha ni sharti moja, na kuweka sawasawa ni sharti jingine. Kwa ajili hiyo wanaotafuta cheti cha juu kabisa cha roketi za nguvu kubwa hutakiwa kuweka mifumo miwili ya kuamrisha miavuli, ili mmoja ukishindwa mwingine ufanye kazi. Nayo mashindano ya wanafunzi yanayoendeshwa na shirika la NASA katika eneo la Huntsville, Alabama, hutaka kila altimita iwe na betri yake, na swichi yake inayofikiwa kutoka nje ya roketi na inayoweza kufungwa isijizime wakati wa safari.

Na roketi ikikataa kuwaka? Msikimbilie. Kanuni inasema ufunguo uondolewe au betri itenganishwe, na watu wangoje sekunde 60 kabla ya kusogea. Kisha kazi hufanywa kwa kurudi nyuma: waya na kiwashio kwanza, halafu altimita zilazwe kwa kurudisha pini, na mwisho ndipo roketi ilazwe chini. Aliyeingia kwa ngazi hutoka kwa ngazi.

JARIBIO LA BALBU MBILI

Wanafunzi wasije wakasoma haya wakaenda kuchezea baruti. Tunakataza jambo hilo waziwazi, na tunawaomba wazazi walikataze pia. Baruti hukata mikono, tena sheria za nchi zetu zinaidhibiti. Fikra ya kufuli inaweza kujaribiwa kwa betri mbili za tochi tu, bila moto wala umeme wa ukutani.

Vitu vinavyohitajika ni hivi: betri mbili za tochi, balbu mbili za tochi, nyaya, kibanio cha nguo cha mbao, karatasi ya alumini, kitufe cha kengele, kipande cha plastiki ngumu, na utepe mwekundu. Funga alumini kwenye kila taya la kibanio, kila moja na waya wake, na hakikisha haigusi springi. Kibanio kikijifunga, alumini hugusana na umeme hupita. Sasa ingiza plastiki katikati ya mataya na uifunge utepe. Hiyo ndiyo pini yenu.

Peleka waya kutoka betri mpaka kwenye kibanio. Baada ya kibanio, gawa njia mbili: moja iende moja kwa moja kwenye balbu ya kwanza, na nyingine ipite kwenye kitufe mpaka balbu ya pili. Balbu zote mbili zirudi kwenye betri. Ya kwanza ni altimita, ya pili ni injini. Bonyeza kitufe plastiki ikiwemo: hakuna kinachowaka. Chomoa plastiki: balbu ya kwanza inawaka. Bonyeza sasa: ya pili inawaka. Mpe mdogo wako abonyeze apendavyo. Hataweza kuwasha injini kabla ya altimita, ajue au asijue.

TUNAMALIZIA

Wazee walisema tahadhari kabla ya hatari. Sisi tunaongeza kwamba tahadhari iliyobaki kichwani ni dhaifu, kwa sababu kichwa huchoka, huharakishwa na hushughulishwa. Tahadhari iliyofungwa kwenye pini, ufunguo na sahani haichoki. Baada ya muda Wajapani waliacha kuiita njia hii kinga dhidi ya wajinga, wakaiita kinga dhidi ya kupitiwa, na tunaona jina la pili lina adabu na ukweli zaidi. Mtu akipitiwa tusiulize tu "nani amesahau?" bali pia "kazi ilipangwaje hata kusahau kukawezekana?"

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini altimita haiamshwi wakati roketi iko mezani?
2. Taa ya kisanduku cha kurushia inathibitisha nini, na haithibitishi nini?
3. Roketi imeanguka kutoka mita 500 bila mwavuli. Bila kuhesabu upinzani wa hewa, itafika chini kwa mwendo gani?
4. Kwa nini rilei ya usalama iwe ya aina inayokaa wazi?
5. Taja kazi moja ya nyumbani kwenu ambayo husahaulika na kuleta hatari, kisha ubuni "pini na sahani" yake. Majibu ya swali hili yaletwe kwa mwalimu wa darasa, na yaliyo mazuri tutayasoma mbele ya wanafunzi wote.